Bunduki na wizi wa mifugo kaskazini mwa Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kijiji kinapovamiwa Baringo, Turkana au Samburu, maswali yaleyale hurudi redioni, matangani na kwenye baraza za machifu. Wapo wanaosema tatizo ni bunduki tu: zikiondolewa zote, amani itakuja. Wapo wanaosema bunduki ni kisingizio, na kwamba chanzo ni njaa, siasa na miaka mingi ya kusahauliwa. Aliyeandika majibu haya ana msimamo wake, na ni haki msomaji aujue mapema: bunduki inaua na lazima iondoke, lakini ukiinyang'anya jamii moja kabla ya kuilinda, umeikabidhi kwa wauaji wake.

Ni maeneo gani yanayozungumziwa hapa?

Serikali ya Kenya ilipoanzisha operesheni ya Maliza Uhalifu mnamo Februari 2023, ilitaja kaunti sita: Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Laikipia na Samburu. Mipaka ya kaunti, hata hivyo, haiwazuii ng'ombe wala risasi. Marsabit, Isiolo na Wajir zina majeraha yake. Magharibi kuna Karamoja ya Uganda, na kaskazini wako Watoposa wa Sudan Kusini pamoja na Wanyangatom na Wadasanechi wa Ethiopia. Huwezi kuzielewa bunduki za Turkana bila kuwataja majirani hao.

Bunduki hizi zilitoka wapi?

Chache zilikuwapo tangu zama za wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Uhabeshi. Mageuzi makubwa yalikuja Aprili 1979. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari wake walikimbia kambi ya Moroto na kuacha ghala la silaha bila mlinzi. Wamatheniko, mojawapo ya jamii za Wakaramojong, waliingia wakabeba walichoweza kubeba. Kabla ya hapo Wakaramojong walikuwa wakijitengenezea bunduki kwa mabomba ya chuma, wakiziita amatida. Baada ya Moroto hawakuzihitaji tena, na majirani wao wote, Wapokot na Waturkana wakiwamo, walilazimika kutafuta silaha za kulingana nao.

Vita vya nchi jirani navyo vilileta shehena baada ya shehena. Vita vya Ogaden vya 1977 na 1978 viliacha silaha nyingi mikononi mwa raia. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Januari na ya Mengistu Haile Mariam ikaanguka Mei, na maghala ya majeshi mawili makubwa yakawa bidhaa sokoni ndani ya miezi michache. Vita vya Sudan navyo viliendelea miongo miwili upande wa pili. Bei ilishuka hivi: katika soko la Kolowa, Baringo, bunduki aina ya AK-47 inasemekana ilibadilishwa kwa ng'ombe 15 katikati ya miaka ya themanini, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 ilitosha kutoa wanne au watano.

Chemchemi ya tatu huwa haipendi kutajwa, nayo ni serikali yenyewe. Jibu lake liko chini, kwenye swali la risasi.

Kwani ziko ngapi?

Taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey, katika makadirio yake ya 2018, iliweka silaha zilizo mikononi mwa raia nchini Kenya kuwa takriban 750,000. Hiyo ni kama bunduki moja na nusu kwa kila watu 100, wakati Marekani ilikadiriwa kuwa na zaidi ya 120 kwa kila watu 100. Ukiishia hapo utadhani Kenya haina shida. Wastani huo unawahesabu watu wa Nairobi, Nyeri na Kisumu ambao hawajawahi kuigusa bunduki. Ni sehemu ndogo tu ya silaha hizo iliyosajiliwa, na zisizosajiliwa zimerundikana kwenye nyanda ambako askari hawaonekani. Mama anayeteka maji Chesegon au Kapedo hasaidiwi na wastani wa taifa.

Si waliibiana ng'ombe tangu zamani? Bunduki imebadilisha nini?

Waliibiana, ndiyo. Ng'ombe walichukuliwa ili kujaza zizi lililomalizwa na ugonjwa au ukame, na ili kijana apate mahari. Watu walikufa hata wakati huo, na si vizuri kuusifu mkuki kana kwamba ulikuwa mpole. Lakini mkuki ulimlazimu mshambuliaji amkaribie mtu hatua chache, na ulihitaji kundi. Kundi lilihitaji baraka za wazee na za mwaguzi. Kwa hiyo mzee aliyekataa alikuwa na uwezo wa kuzuia uvamizi. Na mtu akiuawa, koo zilijua namna ya kukaa na kuhesabu fidia.

Kijana mwenye AK-47 hahitaji baraka za mtu. Vijana watano wenye bunduki wanaweza kufanya walichofanya wanaume mia moja wenye mikuki, na kukifanya wakiwa mbali, usiku, bila kumtazama usoni wanayemuua. Mamlaka ya wazee ilivunjikia hapo, na mpaka leo haijaungika sawasawa.

Matokeo yake yana majina na tarehe. Machi 2001, Murkutwa katika bonde la Kerio: zaidi ya watu 40 waliuawa na nyumba zikachomwa. Tarehe 12 Julai 2005, Turbi, Marsabit: wavamizi waliingia alfajiri watoto wakijiandaa kwa masomo, na miongoni mwa zaidi ya watu 50 waliouawa walikuwamo wanafunzi zaidi ya 20 wa shule ya msingi. Novemba 2012, bonde la Suguta karibu na Baragoi: polisi zaidi ya 40 waliokuwa wakifuata ng'ombe walioibiwa waliviziwa na kuuawa. Hakuna mapokeo ya kabila lolote yanayoweza kusimama na kuyaita mambo hayo utamaduni. Anayesema bunduki haina neno, kwamba roho ya mtu ndiyo yenye shida, ajiulize kama Turbi ingetokea kwa mikuki.

Basi kama bunduki ndiyo tatizo, kwa nini mnaongea pia kuhusu siasa na umaskini?

Kwa sababu bunduki ndiyo inayozidisha vifo, lakini haimpi mtu sababu ya kutoka nyumbani usiku. Sababu hizo zipo, na zimebadilika ndani ya kizazi kimoja.

Kwanza kuna biashara. Zamani ng'ombe aliyeibwa alibaki machungani na aliweza kufuatwa na kurudishwa. Siku hizi baadhi yao hupakiwa kwenye malori na kufika machinjioni mbali sana kabla nyayo hazijapotea. Wanaofaidika hawalali porini. Ni watu wenye mtaji, wenye namba za wanunuzi, na mara nyingine wenye vyeo. Vijana wanaokamatwa ndio wa bei rahisi katika mnyororo huo.

Pili, mipaka na kura. Ugatuzi ulipoanza 2013, kaunti ikawa na bajeti, na mpaka wa kaunti ukawa na thamani ambayo haukuwa nayo. Mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 huko Turkana mwaka 2012, swali la nani ni mwenyeji wa Lokichar au Turkwel halikuwa tena la malisho peke yake. Kapedo, mji mdogo wenye chemchemi ya maji moto, unadaiwa na Turkana na pia Baringo. Mwaka 2014 takriban polisi 20 waliuawa katika mashambulizi ya eneo hilo. Kuwafukuza majirani kabla ya uchaguzi ni njia ya kubadilisha orodha ya wapiga kura, na wanasiasa wanaijua.

Tatu, kuachwa nyuma. Serikali ya kikoloni iliifunga kaskazini kwa amri za wilaya zilizofungwa; mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Baada ya uhuru, Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulisema fedha za maendeleo ziende mahali zitakapoleta faida kubwa zaidi, maana yake ardhi yenye mvua, reli na barabara. Kaskazini ilipangiwa kungoja. Shule, zahanati na vituo vya polisi ambavyo havikujengwa miaka ile ndivyo vinavyokosekana leo risasi zinapolia.

Wengi husema chanzo ni ukame. Ni kweli?

Ni nusu ya kweli, na watu wameikubali upesi mno. Ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, uliua zaidi ya mifugo milioni 2 nchini Kenya na kuwasukuma wafugaji hadi Laikipia na kwingine ambako hawakukaribishwa. Migongano ilitokea, hakuna anayebisha.

Lakini watafiti Karen Witsenburg na Wario Adano walipochunguza miaka mingi ya mauaji Marsabit, waligundua kwamba watu wengi zaidi waliuawa katika miaka ya mvua kuliko ya kiangazi. Wafugaji wenyewe hawakushangaa. Wakati wa mvua nyasi ni ndefu za kujificha, ng'ombe wana nguvu ya kutembea umbali mrefu usiku, na mvua hufuta nyayo. Wakati wa kiangazi watu wamedhoofika na wanahitajiana: mwenye kisima na mwenye malisho hukaa chini wakapatana. Kwa hiyo waziri akija na chakula cha msaada peke yake, amejibu swali ambalo wavamizi hawakuliuliza.

Kwa nini mwananchi mwema akatae kusalimisha silaha?

Mchukulie mtu mwenye ng'ombe 30, watoto wanane, na kituo cha polisi kilicho mwendo wa siku nzima, chenye gari moja ambalo huenda halina mafuta. Jirani yake wa ng'ambo ya mto ana bunduki. Chifu anakuja kumwambia apeleke yake. Akiipeleka leo, jirani atajua kesho. Hakuna chochote katika hesabu hiyo kinachomfanya mtu huyu kuwa jangili. Anafanya alichoona kinawaweka hai watu wake.

Hiyo haimaanishi yuko salama nayo. Bunduki inayolinda zizi mchana huazimwa na mpwa usiku. Kila anayeinunua kwa kujilinda humtisha jirani, na jirani naye hununua. Mzunguko huo hauwezi kuvunjwa na mtu mmoja mmoja, ndiyo maana kazi ya kuuvunja ni ya serikali, na ni ya serikali zote zinazopakana kwa wakati mmoja.

Uganda iliwapokonya Wakaramojong silaha. Kwa nini Kenya isiige?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu Karamoja ndiyo shule yetu na ada yake ililipwa kwa damu.

Desemba 2001 Rais Museveni alizindua kampeni ya kusalimisha silaha kwa hiari. Watu waliahidiwa mabati na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na kubwa kuliko yote, waliahidiwa ulinzi wa jeshi. Wengi walikubali, na takriban bunduki 10,000 zilikusanywa, zile za hiari pamoja na zilizochukuliwa kwa nguvu baada ya muda wa hiari kwisha. Kisha Machi 2002 jeshi likahamishiwa vita dhidi ya waasi wa Joseph Kony. Ulinzi ulioahidiwa ukaondoka na malori. Wabokora, jamii nyingine ya Karamoja, waliokuwa wametii kuliko wengi, wakajikuta mikono mitupu mbele ya majirani wao Wajie na Wamatheniko ambao bado walikuwa na silaha. Waliporwa, wakauawa, na wengi wakakimbilia mijini kuombaomba. Waliobaki walirudi sokoni kununua bunduki upya. Mtu akikuuliza kwa nini wazee wa Pokot hucheka wakisikia neno hiari, mweleze habari za Wabokora.

Mwaka 2006 jeshi lilirudi na mtindo wa kuzingira vijiji alfajiri na kupekua. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliandika mwaka 2007 kuhusu mateso, vizuizi haramu na nyumba zilizochomwa. Ng'ombe walikusanywa katika mazizi karibu na kambi za jeshi ili walindwe. Walilindwa kweli, lakini malisho ya karibu yaliisha, magonjwa yakasambaa, na wanawake na watoto wakakosa maziwa waliyoyazoea asubuhi.

Hata hivyo, na lazima tuseme hili kwa haki, baada ya 2010 Karamoja ilitulia kwa miaka kadhaa. Barabara zilipitika usiku na masoko yalifunguka. Jeshi lilikaa, polisi wakaongezwa, na watu wakaonja maisha bila milio. Mashambulizi yaliporudi kuanzia 2019, Uganda ilianzisha operesheni nyingine Julai 2021 iliyoitwa Usalama kwa Wote. Safari hii lawama nyingi zilielekezwa mashariki, kwa Waturkana waliokuwa wakivuka kulisha mifugo huku bado wakiwa na silaha, na Mei 2023 Rais Museveni akatoa amri ya kuwataka wazisalimishe ndani ya miezi sita au wafukuzwe. Upande mmoja wa mpaka umepokonywa, upande wa pili haujapokonywa, na kosa la 2002 linarudi likiwa limevaa bendera mbili.

Kenya iige sehemu ya kukaa, na iikatae sehemu ya kupiga watu. Na isianze na jamii moja.

Kwa nini jeshi lisiingie tu limalize?

Limeingia mara nyingi. Lilitumwa Pokot Magharibi mwaka 1984. Katikati ya miaka ya 2000 zilikuja operesheni zilizoitwa Okota na Dumisha Amani. Majina hubadilika. Askari huja, hukusanya bunduki mia kadhaa, nyingi zikiwa za zamani ambazo wenyewe waliona heri kuzitoa, kisha huondoka.

Na operesheni inayochukulia kabila zima kuwa adui ina mahali inapofikia. Februari 1984, katika msako wa silaha mkoani Kaskazini Mashariki, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Waliwekwa juani kwa siku kadhaa bila maji wala chakula, wakidaiwa bunduki, na wakauawa hapo. Serikali ya wakati ule ilikiri vifo 57. Manusura na familia zao wametaja idadi kubwa zaidi, wengine wakisema maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililiandika jambo hilo katika ripoti yake ya 2013. Wajane wa Wagalla wamezeeka wakisubiri fidia. Mtu yeyote anayepiga simu redioni kusema "wachapwe tu" anapaswa kwanza kusomewa ushahidi wao.

Operesheni ya 2023 ilikuwa na kafyu, polisi na jeshi pamoja, na askari walibaki muda mrefu kuliko ilivyozoeleka. Uvamizi ulipungua sehemu nyingi na baadhi ya shule zilizofungwa zikafunguliwa. Hayo ni mafanikio na yasidharauliwe. Swali linalobaki ni nani atakaa pale askari wakirudi kambini.

Kwa nini serikali isizinunue bunduki, kama Australia?

Mwaka 1996, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur, Australia ilipiga marufuku aina fulani za bunduki na kuwalipa wenye nazo. Takriban silaha 650,000 zilikusanywa na kuharibiwa. Ilifaulu kwa sababu nchi ile imezungukwa na bahari, silaha nyingi zilikuwa za halali, na aliyeuza hakuogopa kuvamiwa usiku huohuo.

Ukitangaza bei Lodwar leo, bunduki zitaanza kuvuka kutoka Sudan Kusini kesho. Utakuwa umefungua soko. Kinachoweza kusaidia ni malipo kwa jamii nzima: kisima, barabara, zahanati, shule ya bweni, vitu ambavyo havibebeki mgongoni na kwenda kubadilishwa kwa silaha nyingine ng'ambo.

Je, hoja za Wamarekani zinatufaa?

Kidogo. Marekani haki ya kumiliki silaha imeandikwa katika marekebisho ya pili ya katiba yao tangu 1791, na mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba ni haki ya mtu binafsi. Katiba ya Kenya haina kitu kama hicho. Hapa leseni ni ruhusa, na ruhusa huondolewa. Wakenya wanaorudia kwamba "bunduki haziui, watu ndio wanaoua" wameazima hoja iliyotungwa kwa ajili ya nchi ambayo mabishano yake ni mengine kabisa.

Polisi wa akiba wanasaidia au wanaharibu?

Wanafanya yote mawili, hutegemea nani anawasimamia. Ni wakazi wanaopewa bunduki ya serikali, mara nyingi bila mshahara wa maana, ili walinde kijiji. Wanajua mapito yote na hufika kabla ya polisi. Lakini mtu asiyelipwa na mwenye bunduki ana njia nyingi za kujilipa, na wengine wamekamatwa wakikodisha silaha au wakivamia wenyewe. Mwaka 2019 serikali iliwanyang'anya silaha wengi wao, vijiji vikaachwa wazi, kisha baadaye ikaanza kuwaajiri upya. Walipwe, wafunzwe, bunduki na kila risasi ihesabiwe. Bila hayo wasipewe.

Mbona hamna anayezungumzia risasi?

Ndilo swali bora kuliko yote katika ukurasa huu, na huulizwa mara chache. Bunduki hudumu miaka 40. Risasi huisha. Anayezuia risasi hana haja ya kupekua kila nyumba.

Mwaka 2008 Small Arms Survey ilichapisha uchunguzi wa James Bevan kuhusu Turkana Kaskazini. Karibu nusu ya risasi haramu zilizopatikana mikononi mwa watu huko zilikuwa zimetengenezwa Eldoret, katika kiwanda cha serikali ya Kenya. Polisi walikuwa wakiwagawia Waturkana ili wajilinde dhidi ya Watoposa wa Sudan na Wadodoth wa Uganda, kwa sababu serikali yenyewe haikuweza kuwalinda. Nia inaeleweka. Matokeo yake ni kwamba fedha za mlipa kodi zilinunua risasi zilizoua raia wengine wa Kenya.

Kila boksi la risasi lina alama za kiwandani. Inawezekana kuandika ni kituo gani kilipokea boksi gani, kuokota maganda baada ya kila uvamizi, na kumwita mkuu wa kituo husika ajieleze. Kazi hii haihitaji ndege wala vifaru. Inahitaji daftari, na kiongozi asiyeogopa majibu yatakayopatikana humo.

Mikataba ya wazee hufanya kazi kweli?

Baadhi yake imefanya kazi kuliko operesheni. Mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko walikutana Lokiriama, wakazika silaha ardhini na kuapa. Wamatheniko haohao walipoingia ghala la Moroto miaka sita baadaye, kiapo hakikufutika. Kimetikisika, hasa tangu 2019, lakini bado watu hukusanyika Lokiriama kila mwaka kukikumbuka.

Azimio la Modogashe la 2001, makubaliano ya jamii za wafugaji, nalo liliweka fidia ya wazi: mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Liliwapa watu njia ya kumaliza kisasi, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kumweka mwanamke nusu ya bei ni dhuluma, na linapingana na katiba. Tena, anayelipa ni ukoo, hivyo muuaji mwenyewe huenda asihisi chochote. Fidia isichukue nafasi ya mahakama.

Wanawake wana nafasi gani?

Wamewahi kulaumiwa kwa nyimbo zinazowasifu wavamizi na kuwacheka waoga, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Mahari kubwa nayo huwasukuma vijana, ingawa wanaopanga mahari kwa kawaida ni wanaume.

Upande wa pili ni Wajir. Mwaka 1992 na 1993 koo zilikuwa zikiuana mjini, hata soko likagawanyika, mwanamke wa ukoo huu hamuuzii wa ukoo ule. Dekha Ibrahim Abdi na wenzake wachache walianza na soko hilohilo: walikubaliana kwamba kila mwanamke auze na anunue bila kuulizwa ukoo, wakaunda kamati ya kushughulikia visa vidogo kabla havijakua. Kutoka sokoni walienda kwa wazee, kisha vijana, kisha serikali, na Septemba 1993 koo zikatia saini azimio la Al Fatah. Kamati za amani zilizoenea wilaya nyingi za Kenya baadaye zilifuata mfano huo. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007 na akafariki 2011. Upande wa Pokot, mwanariadha Tegla Loroupe amekuwa akiwakutanisha wapiganaji wa jamii hasimu katika mbio za amani tangu miaka ya 2000.

Silaha zilizosalimishwa hupelekwa wapi?

Zinatakiwa kuharibiwa. Itifaki ya Nairobi ya 2004, inayozifunga nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inadai hivyo, pamoja na silaha kuwekwa alama. Novemba 2016 Kenya ilichoma bunduki 5,250 huko Ngong. Kuchoma hadharani kuna maana: watu wengi wanaamini silaha zao hurudi mtaani kwa mlango wa nyuma.

Mimi nina leseni. Haya yananihusu?

Ndiyo, kwa kiasi. Mwishoni mwa 2018 wote wenye leseni waliamriwa kuhakikiwa upya, na wenye vyeti bandia walipatikana. Silaha ya leseni ikipotea na isiporipotiwa, nayo imekuwa silaha haramu.

Nina jamaa anayetaka kusalimisha bunduki. Aanzie wapi?

Asiibebe barabarani peke yake. Akikutana na doria kabla ya kueleza nia yake, hana ushahidi kwamba alikuwa njiani kuitoa. Aanze na mtu anayeaminiwa na pande zote mbili: chifu, mzee wa kamati ya amani, kasisi au imamu. Huyo ndiye azungumze na mkuu wa kituo na kupanga siku, mahali na mashahidi. Iwapo serikali imetangaza kipindi cha msamaha, aulize tarehe ya mwisho na masharti yake.

Vizuri zaidi asiwe peke yake. Kijiji kikiweza kukubaliana na kijiji cha ng'ambo kutoa silaha siku moja, kamati ya amani ipeleke ombi hilo kwa naibu kamishna wa kaunti kwa maandishi, na iombe lisemwe wazi ni askari wangapi watabaki na kwa muda gani.

Siku ya kukabidhi, bunduki iwe haina risasi, na risasi zote zitolewe pia. Adai stakabadhi yenye nambari ya silaha, tarehe, jina la afisa aliyepokea na mhuri wa kituo. Nakala moja abaki nayo mzee wa kamati. Ya kwake aitunze pamoja na kitambulisho, kwa sababu operesheni nyingine ikija, askari atakayepiga hodi hatakuwa yule aliyeipokea.